SAMAKI WA MTO MARA: SI KILA ANAYEKUFA ANAELEA

Leo naomba tuongee habari za samaki. Najua wapo watakaocheka, maana huku kwetu Tarime na Serengeti mtu akisema kitoweo akili inakimbilia nyama ya ng'ombe kabla ya kitu kingine chochote. Lakini Mto Mara unapita katikati yetu, Tarime upande huu na Serengeti upande ule, na wanaokula samaki wake wala si Wajaluo wa Rorya peke yao kama tunavyopenda kusema. Kambare na kamongo wanaliwa sana tu huku, tena na watu wanaojifanya hawali.

Sasa kila samaki wanapoelea mtoni ubishi unakuwa ule ule. Kambi ya kwanza: ni sumu ya mgodi! Kambi ya pili: ni mavi ya ng'ombe! Watu wanatukanana mpaka wanasahau samaki wenyewe. Mi nimekaa wiki kadhaa nasoma makala za watafiti (hela ya kafe imenitoka kweli kweli) na nilichogundua ni kwamba kambi zote mbili zina kosa moja: zinaangalia samaki wanaoelea tu. Metali nzito ikiingia majini kidogo kidogo haimfanyi samaki aelee. Inamwacha anaogelea, anakua, anavuliwa, anapelekwa sokoni anauzwa, wewe unamla. Kinachokufa ni mayai yake.

Ngoja nianze na wanaoelea ili tuwaondoe njiani.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi yakawa meusi, yakanuka, na samaki wakafa kwa wingi huku chini karibu na daraja la Kirumi. Serikali ikazuia watu kutumia maji na samaki wa mto, ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikaja na jibu kwamba oksijeni ilipungua majini, na chanzo ikakitaja kuwa ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mnakumbuka ilivyokuwa. Watu walicheka mitandaoni wiki nzima: tangu lini ng'ombe akaua samaki, mbona babu zetu walifuga?

Mi pia nilicheka. Halafu nikakutana na utafiti uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la Nature Communications, kuhusu mto huu huu wa Mara, upande wa Kenya, juu kabisa ya mgodi wowote wa kwetu. Kule kuna viboko zaidi ya 4,000. Kiboko anakula majani usiku, mchana anashinda majini anajisaidia humo humo. Wakati wa kiangazi kinyesi kinajaa chini ya mabwawa ya viboko na kuoza, oksijeni inaisha kule chini. Mvua ikinyesha ghafla mto unafura, unazoa lile tope lote kwa mara moja na kulisukuma chini. Watafiti walihesabu mafuriko 49 ya namna hiyo ndani ya miaka 3 yaliyopunguza oksijeni, 13 kati yake yakaifikisha kiwango cha hatari, na ndani ya miaka 5 wakashuhudia vifo vya samaki vya halaiki mara 4. Hapo hakuna mgodi wala sumu ya kiwandani.

Kwa hiyo kinyesi KINAWEZA kuua samaki, mto huu umeshaonyesha. Sisemi kwamba hiyo inathibitisha kila neno la kamati ya 2022. Nasema tu kwamba kicheko chetu hakikuwa hoja.

Lakini wale wa kambi ya pili wasishangilie. Kwamba samaki wa Kirumi walikosa hewa haisemi chochote kuhusu metali. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili halijibiwi kwa kuhesabu mizoga.

Turudi nyuma kidogo. Mei 2009 kulitokea uvujaji kutoka mgodi wa North Mara kuingia Mto Tigithe, ule unaopita Nyamongo na kumwaga maji yake Mara. Wanavijiji wakalalamika: samaki kufa, mifugo kufa, ngozi za watu kuharibika. Kampuni ikasema karatasi nzito zilizotandikwa chini ya bwawa la maji machafu ziliibiwa ndo maana yakapita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Norwei walichukua sampuli za maji, udongo na tope kuzunguka mgodi, na kitu kilichowapa wasiwasi hasa kilikuwa arseniki. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC ikaupiga mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu bwawa la topesumu lilikuwa linavuja, na Julai mwaka huo huo ikaamuru lisitumike. Amri ikaondolewa Septemba 2019, wakati ambapo Barrick ilishachukua uendeshaji kutoka Acacia.

Hapa kijiweni huwa tunachanganya vitu viwili, sianidi na metali, wacha tuvitenganishe. Sianidi inatumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa. Ikiingia mtoni inaua haraka, samaki wanaelea saa hiyo hiyo. Ila sianidi ni kaboni na naitrojeni tu zimeshikana, jua na hewa na bakteria wanaivunja, baada ya muda haipo. Metali haivunjiki. Kadimiamu ni kadimiamu leo, na mjukuu wako atakapokuja kuoga Tigithe itakuwa kadimiamu bado. Inachoweza kufanya ni kuhama tu: kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope, kutoka tope kwenda kwa mdudu, kutoka mdudu kwenda kwa samaki.

Na wala haihitaji mtu aimwage. Mawe ya dhahabu ya Nyamongo yana salfa ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi yametulia. Ukiyachimba ukayarundika juu yakapata hewa na mvua, ile salfa inageuka kuwa tindikali ya salfuriki, kitu kile kile kilichomo kwenye betri ya gari. Tindikali inayeyusha metali zilizokuwa zimejifungia ndani ya jiwe na kuziachia kwenye maji. Rundo la mawe linaweza kutoa maji ya namna hiyo miaka mingi sana hata baada ya mgodi kufungwa na wazungu kurudi kwao.

Haya, sasa tuingie ndani ya samaki mwenyewe. Hapa ndo pana utamu.

Samaki si mjinga. Mwili wake una kinga dhidi ya metali, na wewe unayo hiyo hiyo, na ng'ombe anayo. Ni protini ndogo inayoitwa metalothionini. Iligunduliwa mwaka 1957 na watafiti wa Marekani, Margoshes na Vallee, ndani ya figo la farasi. Walikuwa wanatafuta kadimiamu imejificha wapi kwenye mwili wa mnyama, wakaikuta imeng'ang'aniwa na hii protini.

Ni ndogo kweli, ina vipande kama 60 tu vya asidi amino, wakati protini nyingine zina mamia. Lakini katika hivyo 60, 20 ni vya aina moja inayoitwa sisteini. Sisteini ina salfa kwenye ncha yake, na salfa na metali wanapendana sana, si tumeona hata kwenye yale mawe. Kwa hiyo chukulia ni zizi lenye nguzo 20. Ndani yake wanaingia ng'ombe 7, kila mmoja amefungwa kwenye nguzo zaidi ya moja, hatoki hivi hivi.

Siku za kawaida ng'ombe waliomo ni wa nyumbani: zinki, na shaba kidogo. Hizo ni metali ambazo mwili unazihitaji, zimehifadhiwa tu humo mpaka zitakapotakiwa. Siku kadimiamu inaingia mwilini (kwa samaki inapitia kwenye matamvua, inajifanya ni kalisi na mlango unaifungulia) inafika kwenye zizi na kumsukuma zinki atoke. Kadimiamu inang'ang'ania salfa kuliko zinki, kwa hiyo inashinda. Zinki aliyefukuzwa sasa anazurura ndani ya seli. Na hapo ndo mwili unapopata habari! Kuna protini nyingine kazi yake ni kulinda lindo: ikishikwa na zinki anayezurura inakwenda mpaka kwenye kiini cha seli na kupiga yowe, yaani inawasha jeni za kutengeneza metalothionini zaidi. Mazizi mapya yanajengwa, hasa kwenye ini, figo na matamvua. Mimi nilipoielewa hii nilisimama kwenye kiti. Mwili haumtafuti mwizi, unamwona ng'ombe wake mwenyewe yuko barabarani bila mchungaji, unajua kule nyumbani kimenuka.

Kwa hiyo samaki wa Tigithe anaweza kuishi na kadimiamu au shaba iliyozidi na asife. Anaonekana mzima. Ini lake limejaa mazizi. Tatizo linaanza siku anapotaka kuzaa.

Tumchukue ningu jike. Ningu ni samaki wa kwetu hasa, hapatikani mahali pengine duniani zaidi ya bonde hili la Ziwa Victoria na mito yake. Mvua kubwa zikianza anatoka ziwani au huku chini mtoni, anapanda mto kwenda kutaga kwenye maeneo yaliyofurika. Kabla ya safari hiyo mwili wake unafanya kazi kubwa sana: unapika kiini cha mayai maelfu kwa maelfu. Na kinapikwa wapi? Si kwenye mayai. Kinapikwa kwenye INI. Mfuko wa mayai unatoa homoni ya estrojeni, inasafiri na damu mpaka kwenye ini, inashikana na kipokezi chake, na ini linaanza kutengeneza protini kubwa inayoitwa vitelojenini. Hiyo inasafirishwa kwa damu mpaka kwenye mayai ikiwa imebeba mafuta, kalisi, chuma na zinki, chakula chote cha mtoto mpaka atakapoweza kula mwenyewe. Ini linavimba msimu huo.

Umeiona shida? Ofisi ya ulinzi na jiko la mayai viko kwenye chumba kimoja. Ini hilo hilo ndo linajenga mazizi ya kufungia kadimiamu, na ini hilo hilo ndo linapika vitelojenini. Na vyote viwili vinagombea zinki. Kwa trauti, ambaye ndiye samaki aliyechunguzwa sana kuliko wengine kwenye mambo haya, zinki na metalothionini kwenye ini la jike hupanda na kushuka kufuatana na msimu wa mayai hata maji yakiwa safi kabisa, kwa sababu zile zinki zinawekwa akiba kwa ajili ya watoto.

Mazizi yakizidiwa, kadimiamu inabaki inazurura. Inakwenda kugusa mashine nyingine zinazotumia zinki. Moja ya hizo ni kile kipokezi cha estrojeni chenyewe, ambacho kimeshikwa umbo lake na zinki. Mwaka 2000 watafiti wa Rennes, Ufaransa, walionyesha kwamba kadimiamu inazuia kipokezi cha estrojeni cha trauti kufanya kazi. Homoni inafika mlangoni, inabisha hodi, hakuna anayefungua. Vitelojenini haipikwi ya kutosha. Jike anakuwa na mayai machache, au mayai yaliyokonda. Na kwa nje huyo jike ukimkuta sokoni utamchagua kabisa, amenona.

Kwa dume mambo yanakwenda haraka zaidi. Mbegu za samaki wengi zikiwa ndani ya mwili zimelala, haziogelei. Zinaamka pale zinapogusa maji ya mto, na zikishaamka zina muda mfupi sana wa kulifikia yai, kwa wengi ni sekunde au dakika chache, basi. Kwa hiyo huyu hana hata muda wa kujenga zizi. Kama maji yale yana zebaki au shaba, mbegu inakutana nayo uso kwa uso ikiwa uchi. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Ubelgiji na Uingereza kuhusu kambare, huyu huyu wetu wa tope, kuangalia zebaki inavyopunguza mwendo wa mbegu zake na uwezo wake wa kutungisha mayai. Kambare, ambaye sisi tunamwona hafi hata ukimwacha kwenye ndoo siku nzima! Kambare mkubwa ni sugu. Mbegu yake siyo.

Na shaba ina ujanja wa peke yake: inaharibu pua. Samaki wengi wanaopanda mito wanatumia harufu kujua waende wapi, na kwa jamii ya samoni imeonekana kwamba shaba kidogo mno majini inatosha kuwapunguzia uwezo wa kunusa.

Kuna habari nzuri kidogo katikati ya mabaya. Mama anaweza kumrithisha mtoto kinga. Mwaka huo huo wa 2000 watafiti wa Taiwan walichukua perege wa Msumbiji, ndugu wa sato, wakawapa majike kadimiamu. Watoto wao wakavumilia kadimiamu kuliko watoto wa majike ambao hawakuguswa. Inapendeza, lakini usiichukulie kama ruhusa. Kujenga mazizi kuna gharama: protini na zinki na nguvu vinavyokwenda huko ndivyo vingekwenda kwenye kukua na kuongeza mayai. Kwenye maabara samaki analishwa, huku mtoni anajitafutia.

Sasa nataka nikupeleke Marekani kidogo ili uone mwisho wa njia hii ukoje. Jimbo la North Carolina kuna ziwa la kuchimbwa linaitwa Belews Lake, lilitengenezwa kupoza mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Kuanzia mwaka 1974 majivu ya makaa yakawa yanaleta seleniamu ziwani. (Wanakemia msinipigie kelele, najua seleniamu siyo metali nzito hasa. Ila inabebwa na kitoroli kile kile.) Seleniamu ilipanda kwenye vitelojenini, ikaingia kwenye mayai. Watu wazima wa samaki hawakuonyesha tatizo la kutisha. Watoto ndo walizaliwa na migongo imepinda, wakafa. Ndani ya miaka michache spishi 19 kati ya 20 za samaki wa ziwa lile zikaisha. Kumi na tisa! Fikiria mvuvi wa pale, mwaka wa kwanza anavua, mwaka wa pili anavua wakubwa wakubwa tu anafurahi, halafu ghafla hakuna kitu. Kuvua wakubwa watupu kwa misimu miwili mitatu ni dalili mbaya, maana yake nyuma hakuna wanaokuja.

Kuhusu zebaki, hapa mgodi mkubwa tuuache pembeni kidogo tujiangalie wenyewe. Zebaki inatumiwa na wachimbaji wadogo, ndugu zetu na sisi wenyewe, kwenye mialo huku Tarime na kule Serengeti upande wa Majimoto. Mawe yanapita kwenye karasha, unga unaoshwa, unachanganywa na zebaki inashika dhahabu, halafu kile kidonge kinachomwa, mara nyingi hadharani, mara nyingine kwenye jiko la nyumbani watoto wapo. Moshi unaupumua wewe, marudio yanabaki pembeni ya mto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, ila zebaki bado inapatikana, kila mchimbaji anajua kwa nani.

Zebaki ni mjanja kuliko kadimiamu. Kwenye tope lisilo na hewa, kwa mfano kwenye mbuga ya matete kule chini Mara kabla ya ziwa, bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki. Na hii metalothionini haiikamati vizuri. Inapenya mpaka kwenye nyama ya samaki, kwenye ubongo, kwenye mayai. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwalisha samaki wadogo chakula chenye methili-zebaki, wakachapisha matokeo mwaka 2002: majozi yaliyokula zebaki yalitaga kwa shida kuliko yale yaliyokula chakula safi. Hawakufa. Walikuwa tu kama hawana habari na kuzaa.

Ila niwe mkweli, maana najua mtu atakimbia na nusu ya makala haya kwenda kutisha watu sokoni. Vipimo vya zebaki kwenye samaki wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 kwa ujumla vimekuwa chini ya kikomo kilichozoeleka cha miligramu 0.5 kwa kilo ya nyama. Kwa hiyo sisemi sato ni sumu. Nasema ziwa ni kubwa, linachanganya. Kijito kidogo kama Tigithe hakina maji ya kuchanganya.

Sasa ni nini kifanyike ili tuache ubishi wa kambi mbili? Kwa akili yangu ya kidato cha nne, kitu chenyewe kipo na si cha ajabu. Metalothionini inatumika duniani kama kipimo. Unachukua samaki mzima, unatoa ini, unapima mazizi ni mangapi. Maji ukiyapima leo yanakwambia habari za leo tu, na aliyemwaga juzi usiku hayumo. Ini la samaki linakumbuka wiki na miezi.

Lakini lazima ufanywe kwa makini, vinginevyo watakudanganya kirahisi. Jike wakati wa msimu wa mayai ana metalothionini nyingi kiasili, kama nilivyoeleza, kwa hiyo jike na dume wasichanganywe, na msimu uandikwe. Hata njaa na msongo mwingine wa mwili vinaweza kuipandisha. Na lazima uwe na samaki wa kulinganisha wa aina ile ile kutoka juu, tuseme Kogatende ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kabla mto haujakutana na Tigithe, halafu wale wa Tigithe yenyewe, halafu wa chini baada ya kukutana. Kama ini za Tigithe zimejaa na za Kogatende hazikujaa, kuna jambo. Kama zote ziko sawa, basi kambi ya kwanza tutulie. Na mwaka 2022 ingesaidia sana: samaki aliyekosa hewa ghafla ini lake halina historia ya metali, samaki aliyekuwa anakula metali miezi sita analo. Pamoja na hiyo pima vitelojenini kwenye damu ya majike, na hesabu vifaranga. TAFIRI wana kituo Sota, pale Rorya, si mbali. Kazi kama hii ifanywe kila mwaka na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, yasisubiri samaki waelee kwanza na kamati iundwe.

Ah, na kuhusu kula, maana najua hilo ndo swali la kwanza litakaloulizwa. Kadimiamu, kwa kuwa imefungwa kwenye mazizi, inakaa zaidi kwenye ini na figo. Ukimpasua samaki ukatupa matumbo yote umeondoa sehemu kubwa. Wale wanaopenda supu ya samaki na utumbo wake, kwa samaki wa vijito vya karibu na machimbo mi ningeacha. Methili-zebaki iko kwenye nyama yenyewe, haitoki kwa kuosha wala kukaanga wala kukausha juani. Inazidi kwa samaki anayekula samaki wenzake, na kadri anavyokuwa mzee. Mama mjamzito achague wadogo kuliko dude kubwa la miaka mingi.

Ningu kwa upande wake alishapigwa vibaya zamani, katikati ya karne iliyopita, kwa nyavu za makila zilizokuwa zinategwa midomoni mwa mito wakati anapanda kutaga. Kwa hiyo akipungua leo hatuwezi kusema moja kwa moja ni metali. Inaweza kuwa nyavu, inaweza kuwa tope la mashamba, inaweza kuwa vyote.

Nina swali kwa wavuvi na vijana mnaotoka Nyamongo, Kirumi na vile vijiji vya Serengeti vya kando ya mto. Mara ya mwisho kuona ningu WADOGO, wale wa kidole, ilikuwa lini na sehemu gani? Simaanishi wakubwa. Andikeni hapo chini, taja mwezi na mahali, na kama mnakumbuka mvua zilikuwa zimeanza au bado. Mwenye kubishana kuhusu ng'ombe naye karibu, ila asome kwanza pale kwenye viboko.